Kufunga Taa za Sensa katika Nyumba Kongwe za Iringa na Mbeya

Mwenye nyumba kongwe pale Uhindini mjini Mbeya, au katika mitaa ya Gangilonga na Miomboni mjini Iringa, anapokwenda dukani kununua taa ya sensa, yaani ile inayojiwasha mtu apitapo na kujizima akisha kupita, aghalabu huulizwa na muuzaji maswali mawili tu: ya wati ngapi, na ya ndani au ya nje. Swali la tatu, lenye uzito kuliko hayo mawili, haulizwi: nyaya zilizomo ndani ya kuta zako zina umri gani, na aliyezitia aliziunganisha vipi? Taa yenyewe ni kitu kidogo ambacho fundi mwangalifu hukifunga kwa muda mfupi, ilhali nyumba ni jambo jingine kabisa, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maneno yanayofuata itahusu nyumba kabla ya kufika kwenye taa. Kazi ya kuunganisha nyaya ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Kazi yako wewe ni kujua la kumwuliza, na kujua jibu lipi ulikatae.

Anza kwa kutambua nyumba ilitiwa umeme katika zama gani. Mji wa Mbeya ulianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa ilipowavuta watu kutoka kila upande, na Iringa ni mji uliotangulia, wenye majengo ya enzi ya Wajerumani kama lile boma ambalo leo ni makumbusho; kwa hiyo katika miji yote miwili haikosi kuwapo nyumba iliyojengwa kwanza bila ya umeme, ikatiwa nyaya baadaye ndani ya mabomba ya chuma juu ya kuta, kisha ikaongezwa soketi hapa na taa pale, kila mpangaji akija na fundi wake. Mafundi wa zama za utawala wa Mwingereza walifuata desturi za kwao, na kanuni za Uingereza hazikulazimisha waya wa ethi katika sakiti za taa mpaka mwaka 1966, ndiyo maana katika nyumba nyingi za umri huo waya huo haumo. Nyaya zenyewe zilivikwa mpira kabla ya plastiki kuenea, na mpira, tofauti na plastiki, huzeeka kwa kukauka: ukiukunja hupasuka na kumwagika kama unga, ukaiacha shaba tupu.

Rangi nazo zina mitego yake. Zamani waya wa moto ulikuwa mwekundu, nyutro nyeusi na ethi kijani; siku hizi moto ni kahawia, nyutro ni buluu, na ethi ni kijani chenye mstari wa njano. Nyumba iliyopitiwa na mafundi wa vizazi vitatu huwa na rangi zote hizo kwa pamoja, na baya zaidi ni ule waya mweusi unaopanda kutoka kwenye swichi kwenda kwenye taa, ambao kwa sura ni nyutro, lakini swichi ikiwashwa huwa una moto kamili wa volti 230. Rangi basi ichukuliwe kuwa ni dalili, wala si ushahidi. Ushahidi hutolewa na mita.

Kuhusu kuzima umeme yapasa tuseme kinaganaga, kwa kuwa watu wengi hudhani wamezima na kumbe hawakuzima. Umeme kukatika si sawa na umeme kuzimwa, maana unaporudi haupigi hodi. Kadhalika kuisha kwa uniti za LUKU si kinga hata kidogo: kijana wa nyumbani akirudi na tarakimu zake ishirini na kuzibonyeza, ilhali fundi yuko juu ya ngazi ameshika waya, msiba utakaotokea hautakuwa taksiri ya kijana yule. Meini swichi ishushwe. Fyuzi ya taa, kama ni ya aina ya kuchomoa, itiwe mfukoni mwa huyo afanyaye kazi. Watu wote nyumbani waarifiwe. Na kama pana jenereta, au sola yenye inveta, nayo izimwe. Kisha pimeni. Bisibisi ya testa yenye kitaa ndani ya mpini husema uongo mara kwa mara, kwa hiyo mita ni bora, nayo ijaribiwe kwanza mahali penye umeme, ndipo ipelekwe kwenye waya utakaoguswa, na mwishoni irudishwe tena penye umeme, ili ipatikane ithibati kwamba haikufa katikati ya shughuli. Mita ya LUKU na lakiri zake ni mali ya TANESCO. Hapo pasiguswe na fundi yeyote wa kuitwa, hata akikuapia kuwa aliwahi kufanya kazi huko.

Umeme ukisha kuzimwa, fungueni swichi moja na rozi moja ya darini, mtazame. Rozi husema zaidi kuliko swichi, kwa sababu kwa miaka mingi ilining'inia juu ya balbu ya wati 100 iliyoichoma taratibu, na mpira wa nyaya zake ndio uliokauka kabla ya mwingine wote. Mkiukunja waya kwa upole na ukapasuka, simameni. Kuuzungushia tepu ni kuuficha ubovu, wala si kuutibu, maana sehemu mnayoiona ni shibri moja na iliyobaki imo ndani ya bomba. Hapo sakiti nzima ya taa ivutwe upya, na taa za sensa zingoje. Hata kama mpira haujapasuka, mtake fundi apime uthabiti wa nyaya kwa mega ya volti 500, akitafuta jibu lisilopungua megaomu 1. Ila balbu za LED na sensa zozote ziondolewe kabla, kwa kuwa kipimo hicho huweza kuziua papo hapo. Tazameni pia fyuzi yenyewe. Fyuzi ya taa hutakiwa kuwa ya ampea 5, au sakiti breka ya ampea 6. Mkikuta mahali pa waya wake mwembamba pamefungwa kipande kinene cha shaba, au msumari, jueni kuwa nyumba imekuwa ikiishi bila mlinzi, na mrekebishe hilo kabla ya jingine lolote.

Tuje sasa kwenye kiini. Sensa ya kawaida, ile inayofungwa peke yake ukutani au darini ikaiamuru taa iliyo mbali, huhitaji mambo matatu: waya wa moto ulio hai saa zote, nyutro ya kuiwezesha sensa yenyewe kufanya kazi, na waya unaotoka ndani yake kupeleka moto kwenye taa. Ukiifungua swichi ya ukutani katika nyumba kongwe utakuta nyaya mbili tu, uletao moto na uurudishao juu kwenye taa. Nyutro haishuki mpaka hapo, kwa sababu swichi ya zamani haikuwa na haja nayo, na fundi wa zama zile hakuwa mtu wa kutupa shaba ovyo. Nyutro imo juu, kwenye rozi. Mwenye nyumba aliyenunua sensa ya ukutani akitaraji kuing'oa swichi na kuiweka sensa mahali pake hugundua hivyo siku ya kazi, fundi akiwa amekwisha kufika na bisibisi yake mkononi, na hapo ndipo maovu huanza.

Ovu la kwanza huja kwa maneno laini: “Mzee, usijali, nyutro tutaichukua kwenye soketi hii ya jirani.” Taa itawaka, na fundi ataondoka na ujira wake. Lakini sasa moto wa taa unatoka kwenye fyuzi moja na kurudi kwa njia ya sakiti nyingine, hata siku atakapokuja mtu mwingine kutengeneza soketi, akachomoa fyuzi ya soketi na kujiona salama, akiukata ule waya wa nyutro atakuta upande mmoja wake una moto uliopitia kwenye taa. Na kama sakiti mojawapo ina RCD yake peke yake, yaani swichi inayojizima mkondo uendao na ule urudio usipolingana, itakuwa ikijizima kila taa iwakapo, mpaka mtu aliyechoka na usumbufu huo aamue kuiondoa RCD yenyewe. Ovu la pili ni kuitumia ethi kuwa nyutro. Hili likatae bila mjadala. Mjini Iringa, ambako mawe makubwa hutokeza hata katikati ya makazi, fimbo ya ethi mara nyingi haikuzama kiasi cha kutosha, na katika miezi ya kiangazi udongo ulioizunguka hukauka. Mkondo ukipelekwa huko, mabomba ya chuma na kila kilichoungwa na ethi hiyo huweza kupata moto, na mwenye kushika jokofu kwa mkono mbichi atajua. Ovu la tatu ni dogo, nalo ni sensa ya nyaya mbili, isiyohitaji nyutro kwa kuwa hupitisha mkondo mdogo kwenye taa yenyewe. Ilitengenezwa ikizikusudia balbu za zamani zenye uzi. Ikiunganishwa na LED ndogo, taa hufifia bila kuzimika, au humetameta usiku kucha. Zipo zinazokubaliana na LED, lakini kifurushi kiseme hivyo bayana.

Njia ya haki ni ama sensa iwekwe darini karibu na rozi, mahali ambapo nyaya zote tatu zipo tayari, ama kebo mpya yenye nyaya za kutosha ishushwe kutoka kwenye rozi hadi ukutani. Kuta nene za mawe hazichimbiki kwa urahisi, wala sishauri mzichimbe. Tranki ya plastiki juu ya ukuta si pambo, lakini huonekana, hukaguliwa, na haimfichi panya. Kwa habari ya panya, apandaye juu ya dari akanyage juu ya boriti wala si juu ya silingibodi, na azikague kebo zote zinazopita huko, kwani waya uliotafunwa karibu na mbao kavu za misonobari ni moto unaosubiri siku yake.

Kwa nyumba nyingi kongwe, hata hivyo, ipo njia nyepesi, nami naipendelea kuliko zote: balbu ya LED yenye sensa ndani yake, inayotiwa kwenye holda iliyokuwapo. Holda ina moto na nyutro, kwa hiyo swali lote la nyutro linatoweka. Swichi ya ukutani inaachwa imewashwa. Na siku mkihama mnaondoka nayo. Ila isitiwe ndani ya globu ya kioo iliyofunikwa, maana sensa hailioni joto la mwili kupitia kioo, na LED iliyofungiwa humo hufa mapema kwa joto lake yenyewe. Kama holda ni ya kuzungusha, fundi ahakikishe kwamba moto umefika kwenye ncha ya chini ya holda, na nyutro kwenye ganda la pembeni ambalo vidole hugusa. Aidha apime kuwa swichi hukata waya wa moto. Katika kazi za ovyo swichi imefungwa kwenye nyutro, na dalili yake mojawapo ni LED inayong'aa kidogo hata baada ya kuzimwa. Taa ya namna hiyo huonekana imezimwa, ilhali holda yake ingali na moto.

Mkichagua sensa ya kusimama peke yake, someni maandishi yake. Sensa iliyoandikwa wati 1200 huwa inazungumzia balbu za zamani; kwa LED kiasi hupungua sana, pengine kikabaki robo yake, kwa sababu LED zikiwashwa huvuta mkondo mkubwa ghafla kwa muda mfupi mno, na mvuto huo huzigandisha pamoja ncha za swichi iliyo ndani ya sensa hata taa ikakataa kuzimika. Tafuteni alama ya ubora ya TBS. Mahali pasipo na ethi nunueni taa yenye alama ya mraba ndani ya mraba, iliyokingwa maradufu, wala msifunge kamwe taa yenye mwili wa chuma, hata mkiambiwa ni imara zaidi. Waya wa kutumia uwe wa milimita za mraba 1.5. Moto wa kudumu huingia palipoandikwa L, nyutro ya sensa na nyutro ya taa hukutana palipoandikwa N, na waya wa kwenda kwenye taa hutoka penye mshale au L ya pili. Maungio yote yawe kwenye konekta ndani ya boksi lenye kifuniko, si nyaya zilizosokotwa na kuvikwa tepu. Ujia mrefu unaweza kuwa na sensa mbili zinazoiwasha taa moja, moja kila mwisho, maadamu zote zimelishwa na sakiti moja. Sharti hili lina maana kubwa katika yale majengo ya maduka yenye umeme wa fezi tatu, kwa kuwa kati ya fezi na fezi zimo volti 400.

Mahali pa kuiweka sensa ndipo ambapo tabia ya nchi yetu ya baridi huingia. Sensa ya aina ya PIR haioni mwendo kama jicho lionavyo. Inachokitambua ni joto la mwili likihama kutoka fungu moja la lenzi yake kwenda jingine, kwa hiyo mtu akatizaye mbele yake huonekana upesi, na ajaye akiielekea moja kwa moja huchelewa kuonekana. Iwekeni basi pembeni mwa njia, kwa kimo cha mita 2 hadi 2.5. Usiku wa Juni na Julai, ukuta ukiwa baridi na uso wa mtu una joto, tofauti huwa kubwa na sensa huona mbali kuliko iwapo mchana wa jua; lakini bibi aliyejifunika shuka nzito tangu kichwani hadi miguuni hutoa joto kidogo kwa nje, naye huweza kufika katikati ya ujia kabla ya taa kumtambua. Kwa ajili yake sensa ya kuelekea maliwatoni ijaribiwe yeye mwenyewe akipita na shuka lake. Kadhalika, wengi wetu majira hayo huingiza jiko la mkaa ndani, jambo ambalo lina hatari yake ya hewa mbaya. Sensa inayolitazama jiko hilo, au bomba la moshi, au dirisha lipigwalo na jua la jioni, haitatulia. Majani ya mgomba yakipeperushwa na upepo huiwasha ya nje, na mbwa pia, isipoinamishwa vizuri.

Si kila chumba kinastahili. Ngazi, ujia, stoo, na njia ya kwenda choo cha nje zinastahili. Sebule hapana, kwani watu wakikaa kimya kusikiliza taarifa ya habari taa itawazimikia, wala chumba cha cherehani au cha msumeno, ambamo giza la ghafla laweza kumgharimu mtu kidole.

Kwa nje, pale ambapo nyumba haikuwahi kuwa na nyaya, taa ya sola yenye sensa yake aghalabu hutosha na huepusha udhia wote uliotajwa. Kama ni lazima umeme wa nyumba ufike kwenye choo au lango, kebo yenye deraya ya chuma ifukiwe nusu mita au zaidi chini ya ardhi, isining'inizwe kwenye miti. Taa na sensa ziwe na alama isiyopungua IP44, na IP65 mahali panapopigwa na mvua. Kebo iingie kwenye boksi kwa upande wa chini, ili ukungu na maji visiteleze kuifuata. Sakiti hiyo ipite kwenye RCD ya miliampea 30. Mvua za radi zinazoanza Novemba huziua LED nyingi bila hata kuipiga nyumba, kwa mpigo unaosafiri kwenye nyaya za nguzo, na kifaa cha kukinga mpigo huo hufungwa kwenye boksi kuu; nacho kinategemea ethi nzuri, kwa hiyo tumerudi palepale kwenye fimbo na mawe.

Juu ya gharama, msitarajie miujiza. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 12 za usiku hula uniti 0.72, LED ya wati 9 inayotoa mwanga wa kadiri hiyo hula uniti 0.108. Ukiongeza sensa, taa ikawaka jumla ya saa moja, matumizi hushuka mpaka kiasi cha uniti 0.02, na zaidi ya nusu yake huliwa na sensa yenyewe ikikesha kwa nusu wati usiku na mchana. Akiba kubwa imetokana na LED. Sensa imeongeza kidogo. Mwenye kuinunua aitake kwa ajili ya miguu ya wazee kwenye ngazi na kwa ajili ya mikono iliyojaa kuni au mtoto.

Kazi ikiisha, umeme ukirudishwa taa itajiwasha yenyewe na kukaa kama nusu dakika au dakika nzima hata pasipo mtu, sensa ikijizoesha. Itafanya hivyo kila mgao ukiisha, wala si ubovu. Kitufe cha muda kiwekwe dakika 2 kwa ujia, na kile cha mwanga kirekebishwe jua linapotua, si saa sita mchana. Lenzi ifutwe utando wa buibui kila mvua zikikoma, na kitufe cha majaribio cha RCD kibonyezwe kila mwezi. Na kabla ya kumlipa fundi, mtake achore kwenye karatasi nyutro ilitoka rozi ipi, rangi alizozikuta na alizozitumia, na swichi ipi isizimwe, akaibandike ndani ya mlango wa boksi la fyuzi. Kwa kuwa fundi ajaye, asipojua kwamba mgeni aliyelala juzi ndiye aliyeizima swichi ya ujia, ataiona sensa kuwa imekufa na kukuuzia nyingine.